Jiliwa la Kongwa

Nililikuta juu ya mizani ya vyuma chakavu, Kizota,
kati ya rimu ya baiskeli na mlango wa friji.
Kijana keshaandika: kilo arobaini na mbili.
Kwake ni kilo tu. Kesho lori, keshokutwa tanuri,
mwezi ujao nondo ndani ya ghorofa la mtu.
Nikasema, ngoja.
"Mzee, hili limekufa. Halifunguki, halifungiki."
Nikalipa bei ya kilo, na soda juu yake.

Nyumbani Sechelela akahesabu kwa kidole: la tisa.
"Wenzio wanakusanya mbuzi."
Mbuzi anataka majani, nikamjibu, na kiangazi hiki!
Jiliwa halili.
"Wala halizai," akasema, akaingia ndani.

Kweli, halizai.
Lipo la gereji ya reli, zito, halina utani.
Lipo la sonara, dogo kama ngumi ya mtoto,
hubana sindano bila kuipinda.
Lipo lenye pengo, nililiunga kwa shaba,
likicheka utadhani bibi harusi wa zamani.
Kila jiliwa na majaliwa yake.

Hili lilitoka Kongwa, ndivyo alivyoniambia aliyeliuza:
kwa walewale waliokuja na matrekta kulima karanga
udongo ukawagomea, ukakauka kama tofali,
wakaondoka, wakaacha vyuma vingi kuliko karanga.
Baadaye likafungiwa mbuzi.
Tazama mkono wake: kamba imechimba kijia,
laini, kama shingo ya mtungi.

Nikalilaza kwenye karai, mafuta ya taa na oili chafu.
Asubuhi nalisalimia, jioni naligonga kidogo,
kwa nyundo ya mbao, si ya chuma.
Chuma kilichonyamaza miaka yote hiyo
hakijibu ngumi.
Brashi ya waya ikatoa rangi nyekundu,
chini yake kijivu, chini yake kijani,
chini yake namba tatu, na ya nne imeliwa.
Vumbi la Dodoma likaja kuangalia, likanata.

Siku ya kumi na mbili parafujo ikalia.
Mlio mrefu, mbwa wa jirani akasimama.
Taya zikaachia,
kitu kikadondoka mchangani: ting.

Ufunguo.
Haujaisha.
Meno mawili yamekatwa, la tatu limechorwa tu
kwa ncha ya msumari.
Mtu aliubana pale, akaitwa.
Chakula? Mshahara wa mwisho?
Akasema nakuja sasa hivi.

Nikashika tupa. Nikaiweka chini.
Nimalizie jino la mtu nisiyemjua,
kwa mlango nisioujua?

Sechelela akatoka na mkasi wake wa kupogolea mizabibu,
umeota kutu hadi kwenye springi.
"Kama kweli limefufuka, lishike huu."
Likashika.
Halikutikisika hata kwa unywele.
Nikanoa mpaka unga wa chuma ukajaa kwenye kandambili,
naye amesimama, hasemi kitu,
na kwa Sechelela hiyo ni sifa.

Usiku nikamsikia stoo.
Alikuwa anaujaribu ule ufunguo kwenye kufuli letu.
Haukuingia.
Akauning'iniza msumarini, kando ya kalenda,
akarudi kulala.