Nakala ya Kumi na Moja

Duka langu lipo Majengo, Moshi, ubavuni mwa kinyozi;
mashine moja tu, ikichoka inameza karatasi.
Asubuhi kaja kijana wa mheshimiwa:
vipeperushi elfu mbili, vya rangi, haraka.
“Mtetezi wa Askari Wetu.”
Pichani kapanda kifaru kipya,
kofia ya chuma imemzidi kichwa.

Saa sita kaja Koplo Ndekirwa
na mkongojo wake wa mti wa kahawa.
Mguu mmoja aliuacha ng’ambo ya Kagera;
huo, husema, unalipwa pensheni ya udongo.
Barua yake nimeikariri,
hubadilisha tarehe tu, na jina la waziri.

Bajeti ya ulinzi niliisikiliza redioni:
mheshimiwa aligonga meza mpaka Spika akacheka.
Kwa mguu wa Koplo
hakugonga hata kucha.

Mashine ikakwama.
Nikavuta taratibu: upande huu nusu uso wa mheshimiwa,
upande wa pili, “Kwa heshima na taadhima…”

“Nikutolee nyingine, Koplo?”
Akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara nne.
“Hii hii.
Wataisoma safari hii.
Ina picha yake.”