Kwa Hisani ya Nani

Saa tisa na dakika kumi usiku, simu imeniamsha.
Dundee imelala chini ya mvua ya theluji,
hita inapiga chafya ukutani,
na mashine yaniambia: barua mia mbili na kumi na nne
zimekosa pa kwenda.

Nafungua kompyuta mapajani, blanketi mabegani.
Nyumbani wakiniuliza kazi yangu
huwajibu: namtunza dalali.
Hucheka. Dalali wanamjua,
yule anayekuonyesha chumba kinachovuja
kisha akadai kodi ya mwezi.
Huyu wangu hali cha mtu, wala hana mdomo.
Mtumaji humkabidhi ujumbe, akaenda zake;
nani ataupokea, si shughuli yake.
Juu ameandika maneno matatu, nukta katikati:
maabara.damu.wodisaba
Dalali husoma, akafungua daftari lake la maombi.
Nani aliomba habari za damu?
Nani za wodi ya saba?
Nani aliweka nyota mahali pa neno,
yaani lolote litakalokuja hapa, nipe?
Kisha hugawa. Foleni hii, na ile, na ile pia.
Hasahau, habahatishi,
na jina asilolikuta daftarini halimhuzunishi.
Hulisukuma kwenye foleni ya mwisho,
ile tuiitayo, bila haya, ya barua zilizokufa.

Marehemu baba alikuwa mwalimu mkuu, Korogwe.
Shule ilikuwa na sanduku moja la posta, namba sitini na moja,
na kata nzima ilipita humo.
*Kwa hisani ya Mwalimu Mhando*, bahasha ziliandikwa,
na chini yake jina, au nusu ya jina, au pasiwe na jina:
*Mamake Sekiete, karibu na mashine ya kusaga.*
*Kijana mrefu aliyerudi kutoka mkonge.*
Vijana warefu walikuwa watatu.
Baba aliwaita wote, akawauliza wana shangazi Muheza.
Asubuhi, gwaride likivunjika,
watoto waliondoka na barua ndani ya madaftari zisilowe.

Kosa nimeliona. Jana mchana
mtu apendaye unadhifu aliandika wodi7.
Herufi nne zikawa tarakimu moja,
na potasiamu ya mgonjwa nisiyemjua
imekaa gizani tangu saa sita.
Nampigia Ishbel wa maabara.
"Tumewasomea kwa simu," asema, pumzi juu juu,
"na mengine tumekimbia nayo mkononi."
Naandika ombi jipya, mstari mmoja.
Naziachia. Mia mbili na kumi na nne.
Mia na tisini. Arobaini. Sita.
Moja, inasita.
Sifuri.

Usingizi umeshakwenda. Nabandika chai.
Nyuma ya birika kuna rundo nililolirithi pamoja na fleti:
Bw. E. Petrie, benki. Bw. E. Petrie, meno.
Na *Ewan*, tu, kwa mkono, wino wa bluu,
kila Desemba, muhuri wa Thunder Bay.
Miaka mitatu.
Sikuzitupa, nikajihesabu mwema.
Sikumtafuta pia.
Mimi, niliyekuwa nikimsonya mtu sasa hivi
kwa herufi nne.

Nachukua kalamu. *Hakai hapa*, naiandikia benki.
*Hakai hapa*, naandikia meno.
Kwenye wino wa bluu mkono unagoma.
Hakai hapa: ndivyo angesema dalali,
na asingekosea.
Baba angeuliza kwanza dukani.

Huku kipupwe hakuchi hadi saa mbili na nusu,
lakini Bibi Lowrie wa magazeti hufungua kumi na mbili,
na mtaa huu anaujua kwa mbwa na kwa madeni.
Navaa koti juu ya nguo za kulalia.
Mvua bado.
Natafuta daftari.