Mpangaji wa Ubavuni

Tangu jana sijagusa kabichi wala maharage.
Nimekula wali mkavu na ndizi moja,
kama mtu anayekwenda kuapishwa.
Nawe, mpangaji wangu usiyelipa kodi,
umelala chini ya sweta ya sufu,
kimya cha mtoto anayepanga jambo.

Saa kumi alfajiri, Punta Arenas.
Upepo unaisukuma teksi kama mdai.
Dereva, don Evaristo, anauliza mizigo iko wapi.
Namwonyesha kibegi kimoja. Cha pili hakijui.

Usiku nilikata matundu:
maduara kumi na mawili, milimita thelathini na mbili,
kwa kuwa mkasi haupandi ndege.
Nilifundisha jometri miaka thelathini na mmoja,
sikujua duara la mwisho lingekuwa hili,
kipimo cha kijidomo changu chekundu
kisichosema uongo
wala kuomba ruhusa.

Kwenye ukaguzi mashine ikakuona.
Binti mwenye glavu akanigusa ubavu,
mkono ukasita.
Nikampa cheti cha daktari. Akakisoma mara mbili,
midomo yake ikitembea.
"Chumba cha pembeni, bibi?"
Hapana. Papa hapa.
Aibu nimeilea miaka miwili, imenenepa,
sina tena cha kuilisha.
Nikainua sweta kiasi cha kiganja.
Akatazama, akasema "Asante,"
kama aliyeonyeshwa tiketi.

Kiti 4C, ujiani. Hatua tisa hadi chooni;
nilizihesabu nikiingia.
Ndege ikapanda, nawe ukaanza.
Kadiri ardhi ilivyopungua ndivyo ulivyojaa,
ukavimba, ukausukuma mkanda.
Mtoto wa 4B akaniinulia pakiti yake ya viazi,
imetuna kama shavu la mpiga tarumbeta.
"Bibi, itapasuka?"
"Haipasuki," nikamwambia, nimekushika wewe.
"Inashangaa tu. Ni mara yake ya kwanza."

Juu ya milima ya barafu taa ya mikanda ikawaka.
Rubani akatangaza: kila mtu akae.
Mwili haujui Kihispania.
Nikasimama.
Mhudumu, kijana Nahuel, akafungua mdomo kunikemea,
nikamwambia neno moja sikioni.
Sitalirudia hapa.
Akafungua mlango, akaulinda kwa mgongo
kama bawabu wa mfalme,
nami ndani, goti ukutani,
dunia nzima ikitikisika,
nikikutoa pumzi polepole, polepole,
nikicheka peke yangu katika kabati la plastiki.

Nilipotoka hakuna aliyeinua kichwa.
Mtoto alishafungua viazi. Akanipa kimoja.
Nikakitafuna mara thelathini, kama nilivyoelekezwa.

Santiago, dada yangu Rosalba atakuwa jikoni.
Anatimiza miaka sabini
na hajui kupika kitu ila maharage.
Tutamwambia nini, mpangaji?
Kijiko kimoja?