Sababu ya Kuchelewa

Andika, Odilon. Anza na tarehe.
Hapa Lubumbashi, mbele ya posta.
Kisha: Kwa Mheshimiwa Jenerali, Mkuu wa Eneo.
Jina usitie. Wakubwa hubadilishwa
wino haujakauka.

Mimi, Kaumba Mwansa, sajini mstaafu,
namba ya jeshi, fuata mdomo wangu polepole,
maana naijua kuliko siku niliyozaliwa:
sita, sifuri, tatu, tatu, nane, moja, saba.
Mkazi wa Katuba, nyumba yenye mlango wa bluu,
ninaomba kwa heshima
medali ya utumishi niliyoahidiwa gwarideni
mwaka ule mvua ilipoozesha mahindi kando ya reli.

Odilon anainua vidole kwenye mashine.
"Mzee, watauliza sababu ya kuchelewa.
Miaka arobaini na minne! Fomu ina kisanduku chake."

Andika basi.
Mwanzoni niliambiwa utepe umekwisha bohari,
utepe tu, chuma kipo.
Nikasubiri utepe.
Halafu nikaona haya:
sifa haiombwi kama chumvi kwa jirani.
Halafu nchi ikabadili jina,
ikabadili bendera, wimbo, noti,
nami nikabaki na deni mkononi
nisijue nibishe hodi kwa nani.
Mtu akibatizwa upya,
madeni yake nayo huzama majini?

"Hayo hayaenei kisandukuni," asema Odilon.
Weka: shughuli za kifamilia.

Sasa tendo. Wanataka tendo.
Tulilinda daraja upande wa Lubudi,
siku kumi na moja, watu saba,
makopo manne ya sadini,
na redio iliyokamata rumba
isimkamate komanda.
Siku ya kumi na mbili lori lilipofika
tulipanda watatu.
Waandike waliobaki: Kalenga. Muyumba.
Sefu wa Kongolo.
Na yule kijana wa Idiofa tuliyemwita Kengele
kwa kuwa alicheka usingizini.
Jina lake la nyumbani sikuliuliza.
Medali nyingine zote ningezisamehe,
hilo silisamehi.

Na andika kwamba sikuua mtu.
Nilifyatua juu ya majani,
kila mara juu ya majani.
La. Hilo usiandike.

"Nimeshaandika, mzee. Mashine hii haifuti.
Naweza kuliziba kwa herufi x."
Tukatazamana.
Mwuza mayai ya kuchemsha akapita, akatuita, akaenda zake.
Liache.

Kuna msumari nyumbani.
Kishimba wangu aliupigilia kwa mchi wa sombe
jioni niliporudi na habari ya medali.
"Hapa," akasema, "wageni waione
kabla hawajaona kuwa hatuna viti."
Viti tulipata. Msumari ukafanya kazi za watu:
ukabeba kalenda ya kampuni ya migodi,
ukabeba rozari, mwavuli uliovunjika mbavu,
kisha picha ya mapafu yake kutoka hospitali,
tuliyoitazama dhidi ya taa
kama ramani ya mahali tusipotaka kwenda.
Tangu Februari umebeba kitambaa chake cha kichwa,
cha njano,
kina harufu ya makala bado.

Odilon, mbona unagonga?
Hilo si la jeshi.

Sahihi hapa. Mkono umetetemeka,
K imetoka kama mtu anayechuchumaa.
Nakala mbili: moja yao, moja ya mfuko wangu.
Odilon anahesabu mistari, anahesabu tena,
hanipunguzii hata franka,
nami namshukuru kwa hilo;
leo sikuja kuhurumiwa.

Ila njiani, nilipovuka reli kuelekea Katuba,
swali likanishika mguu:
wakiileta kweli,
kitambaa nitakitundika wapi?
Ukuta ule ni wa matofali mabichi.
Msumari wa pili utaupasua.