Umejuaje?

Bergen mvua haialikwi; huja kama mdai.
Sisi, chumba cha chini, tunanyesha tone mojamoja
kwa sindano, juu ya kioo kikavu,
na kamera inakula picha elfu hamsini kwa sekunde.

Kuna tone linalotua likatandaa,
kama chapati ya maji kikaangoni.
Kuna linalotua likavunjika,
likatupa vitone huku na huku.
Kwa nini hili, si lile?

Eirin Hauglum, asiyekunywa kahawa,
aliifunza mashine kwa matone elfu mbili.
Ikawa ukiionyesha tone lililogusa kioo sasa hivi
inabashiri: litavunjika. Halitavunjika.
Tisini na tisa katika mia.

Profesa akaagiza keki.
Eirin akaisogeza sahani kando.
"Umejuaje?" akaiuliza skrini,
kama mama kwa mtoto aliyejibu upesi mno.

Njia ya kuibana ipo:
unaifunika picha kipande baada ya kipande,
na kile ambacho kikifichwa inababaika
unakipaka rangi nyekundu.

Akalifunika tone lote. Mashine haikutikisika.
Akafunika kona ya chini, kushoto, pasipo na kitu,
ikaanza kubahatisha.

Akaikuza ile kona.
Mistari myembamba, pinde ndani ya pinde,
na kovu limekatiza katikati.
Nililitambua kabla yake,
kisu cha samaki, mwaka niliooa.
Dole gumba langu.

Maana kila nilipopanda ngazi kuinua sindano
nilijishika hapo, kwenye dirisha la kamera;
goti la kulia siliamini tena.
Na tone la juu ndilo livunjikalo.
Mashine haikusoma maji.
Ilimsoma Oddvar.

Nikasema samahani. Eirin alicheka hadi akaketi sakafuni.
Nikapangusa kwa spiriti,
nikapigilia kishikio cha mbao ukutani,
tukaanza upya, wiki sita.

Sasa inapata themanini na nane.
Keki haikuletwa.
Lakini wekundu umehama,
umekaa ukingoni mwa tone,
chini ya ule mdomo mwembamba wa maji
unaojiinua kidogo, na hewa imebanwa chini yake.
"Hapa," Eirin alisema, kidole hewani,
akichelea kugusa skrini.

Jioni, nje, tone lilitua
kwenye kengele ya baiskeli ya mtu.
Nikainama kuutazama ukingo wake.
Goti likalia. Nilikuwa nimechelewa.