Barafu ya Mia Tano

Jina lako nililisoma kwenye kichupa:
Nyanjige Masatu, miaka thelathini na moja,
wodi namba nne, saa nane na robo usiku.
Mwandiko wa nesi ulikuwa unakimbia.

Baadaye nikasikia ni mwiba wa sangara.
Ulikuwa ukikatakata mapanki kule Igombe,
ukakuchoma kidole, ukakifyonza, ukaendelea,
maana mafuta yalikwisha chemka.
Siku ya tatu ukatetemeka juani.
Wakasema malaria. Kipimo kikakataa.
Wakasema basi, taifodi.

Damu haibishani na watu,
inangoja iulizwe vizuri.

Ila lakteti haina subira.
Ikikaa kwenye joto inajizidisha,
inausingizia mwili maneno ambayo haukuyasema.
Inataka barafu, na umeme ulikatika tangu saa mbili;
friji letu lilikuwa linatoa jasho kuliko wagonjwa.
Bahati nilikuwa nimemtuma mlinzi, mzee Bugoma,
hadi kwenye malori ya samaki, mwalo wa Kirumba.
Akaja na bonge kwenye kiroba,
magamba mawili yameganda ndani yake,
yanametameta kwenye tochi.
Humo ndimo nilimokizamisha kichupa chako.

Sita nukta moja.

Sikungoja fomu. Nilipiga simu.
"Sita," nikasema,
na Daktari Kasubi hakuuliza sita ya nini.
Juu ya dari nikasikia viatu, kisha magurudumu.

Asubuhi jenereta ikaamka, nikapima prokalsitonini:
thelathini na nane.
Kesho yake kumi na tisa. Kumi na moja.
Siku ya nne ikapanda tena, kumi na nne,
nikarudia, kumi na nne.
Wakakufungua kiganja, wakakuta usaha umejificha
nyuma ya mshipa, kimya kama mpangaji asiyelipa.
Sita. Mbili. Sifuri nukta nne.
Hapo wakakutoa dripu ya dawa,
kwa kuwa dawa ikipitiliza muda wake
huwafundisha vijidudu ujanja.

Usiku uleule kulikuwa na kichupa kingine.
Hicho sikisemi.

Sijapanda ngazi kukuona.
Naijua damu yako kwa tarakimu, sura siijui;
siku moja huenda nitanunua panki kwako
na kulalamika chumvi imezidi.

Mzee Bugoma ananidai mia tano.
Kila jioni, akifungua geti,
ananyoosha mkono, hasemi kitu.