Sikuteleza

Sikuteleza. Na fomu iandikwe hivyo.
Zulia halikukunjika, taa ilikuwa inawaka,
viatu nilivaa, vile vya kamba alivyoninunulia binti.
Nilisimama kuzima birika,
goti likaondoka bila kuaga.
Saa mbili na ushei nililala sakafuni
nikitazama chini ya friji:
njegere moja, kizibo cha maziwa,
na kifungo cha shati la Shekue
tulichokitafuta mpaka tukagombana.

Ni mara ya tatu tangu Pasaka.

Muuguzi Shobhana hakuuliza habari za ngazi.
Aliuliza, "Unakula nini, mama?"
Nikacheka. Mguu ndio uliokosa,
tumbo unalishtakia nini?
"Haya, tuseme jana," akasema. "Anza asubuhi."

Jana: mkate mweupe na jemu. Chai, sukari vijiko vitatu
(ni vinne, lakini mbele ya serikali nilisema vitatu).
Mchana biskuti. Jioni soseji mbili za kukaanga,
maana nani atachambua mchicha kwa ajili ya mtu mmoja?
Sufuria yangu ni ya watu saba;
nikiifunua naona kiza tu.

Akaweka kalamu chini.
Mwili ukizeeka, alisema, huficha makaa chini ya jivu.
Huna homa, hakuna palipofura,
lakini yanafuka usiku na mchana,
na vyakula vingine ni kuni.
Nyama ya paja inaliwa taratibu, wewe umekaa unatazama televisheni.
"Si chakula peke yake. Dawa zako pia, macho,
na huko kukaa. Wala sikuahidi kwamba hutaanguka tena."
Nilimpenda kwa hilo neno la mwisho.

Alhamisi nikasukuma kigari changu hadi sokoni, katikati ya Leicester.
Mansukh, mzaliwa wa Kisumu, bado huhesabu chenji kwa Kiswahili:
"Themanini, tisini, pauni. Umepotelea wapi, shemeji?"
Sakafuni, nikamjibu.
Akanyamaza. Akaongeza fungu la mchicha, hakulipima.

Usiku huu nimeloweka maharage,
mengi mno, mkono umezoea wingi.
Vibua wawili wanangoja limau.
Kwa mkono mmoja nakoroga,
kwa mwingine nashika ukingo wa sinki.
Kile kifungo, kijana wa ambulensi alinichokolea kwa mwiko.
Nimekishona kwenye aproni.
Shati lenyewe niligawa zamani.